Siku ya Lava Tower: Panda Juu, Ulale Chini

Wengi wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro huulizia usiku wa kilele. Wanataka kujua baridi ya kambi ya Barafu ikoje, kokoto za kuelekea Stella Point zinachosha kiasi gani, na mtu anajisikiaje akishafika kilele cha Uhuru. Wana haki ya kuuliza. Lakini kwa anayepita njia ya Machame au Lemosho, ipo siku moja kabla ya usiku huo ambayo huamua mengi kuliko watu wanavyodhani: siku ya kutoka nyanda za Shira, kupanda hadi Lava Tower, kisha kushuka kulala Barranco. Nimeona watu wenye mapafu ya kukimbia marathoni wakikwama juu kwa sababu siku hiyo waliigeuza mashindano, na nimeona mama wa makamo, asiyewahi kukimbia popote, akifika kileleni kwa sababu siku hiyo aliitembea kwa akili.

Tazama vimo vyenyewe. Kambi ya Shira Cave iko kwenye mita 3,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Lava Tower iko kwenye mita 4,600 na ushee. Barranco iko mita 3,900 na ushee. Njia nzima haizidi sana kilomita 10, na kundi linalokwenda kwa utulivu hutumia saa sita hadi nane, pamoja na chakula cha mchana. Maana yake ni kwamba utapanda zaidi ya mita 800, utashuka sehemu kubwa ya hizo ulizopanda, na jioni utajikuta unalala mita 200 tu juu ya pale ulipolala jana. Mtu mwenye haraka huona hasara: kwa nini nipande mlima ili niushuke?

Sababu iko kwenye hewa. Mgao wa oksijeni ni asilimia 21 Tanga na ni asilimia 21 Lava Tower. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi unayovuta pale juu inakuletea chini ya asilimia 60 ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa ufukweni. Mwili ukiona upungufu huo huanza kazi. Unapumua haraka zaidi na kwa kina, moyo unapiga mbio, na figo zinatoa chumvi fulani kwenye mkojo ili damu iruhusu kupumua huko kwa kasi kuendelea hata usingizini. Ndiyo maana watu wazima hukimbilia chooni mara kwa mara huko juu. Ni dalili njema. Mazoea hayo yanahitaji kuchokozwa na kimo, lakini yanahitaji pia mapumziko mahali penye hewa nzito kidogo. Waongozaji wa mlimani wanalieleza jambo hili kwa maneno manne: panda juu, lala chini. Siku ya Lava Tower imepangwa kwa kazi hiyo.

Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kimo cha mahali unapolala kisipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa pima njia nyingine kwa kipimo hicho. Marangu, ambayo Watanzania wengi huichagua kwa sababu ina nyumba za kulala, hukutoa Mandara kwenye mita 2,700 hadi Horombo kwenye 3,700, kisha Kibo kwenye 4,700. Kila usiku unaruka mita 1,000. Ndugu zetu wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hutoka Old Moses kwenye mita 3,300 na kulala Shipton's kwenye mita 4,200. Kwa hiyo kama njia yako ni Marangu, lipia siku ya ziada Horombo, na siku hiyo usishinde kitandani: panda taratibu hadi Zebra Rocks, kaa kidogo, rudi Horombo ule na ulale. Umejitengenezea Lava Tower yako ndogo. Anayepanda Mlima Kenya naye afanye vivyo hivyo akifika Shipton's, badala ya kukimbilia kilele cha Lenana alfajiri ya usiku wa kwanza.

Tuanze asubuhi ya Shira. Mara nyingi hema huamka na barafu nyembamba juu yake, na jua likichomoza saa kumi na mbili na nusu kila mtu anaanza kuvua kilichomkaa mwilini usiku. Vaa ukijua kwamba utapata joto ndani ya dakika kumi na tano za kutembea. Fulana nyepesi isiyo ya pamba, sweta laini la manyoya ya kutengenezwa, na koti la kuzuia upepo na mvua vinatosha kuanzia. Pamba ikilowa jasho haikauki, na saa saba mchana upepo wa juu utakukuta umelowa. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini ikiwa nyuzi 28, Lava Tower itakuwa kwenye nyuzi 5 hivi, na hapo upepo haujahesabiwa. Nguo hizi hazihitaji utajiri. Soko la mitumba la Memorial pale Moshi lina masweta na makoti mazuri ya baridi kwa bei ya kawaida, na maduka ya kukodisha vifaa yamejaa mjini. Kitu kimoja tu nakuomba usikodi: buti. Nunua zako, zivae miezi miwili kabla, nenda nazo kazini na sokoni mpaka zikuzoee.

Kwenye begi lako la mgongoni, ambalo utalibeba mwenyewe siku nzima, weka koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe pe, suruali ya mvua, glovu, kofia ya sufu na kofia ya jua, maji lita 2 hadi 3, vitafunwa, dawa zako, karatasi za chooni na mfuko wa kuzirudishia. Mawingu ya Kilimanjaro hupanda kutoka msituni kuanzia saa nne au saa tano, na mvua ya mchana ikikukuta wakati koti lako liko kwenye mzigo wa mpagazi aliyekwisha kufika Barranco, hakuna wa kukusaidia. Wanaopanda kwenye msimu wa sikukuu ya Uhuru, ili wafike kileleni tarehe 9 Desemba, wakumbuke kwamba mvua za vuli huwa hazijaisha. Kwao koti la mvua ni la lazima. Dada zangu, bebeni pedi hata kama siku zenu haziko karibu, maana kimo na uchovu huvuruga hesabu.

Na jua msilidharau. Mlima huu uko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na kadiri unavyopanda hewa ya kuchuja miale inapungua. Ngozi nyeusi nayo huungua. Paka mafuta ya kujikinga na jua usoni, shingoni na nyuma ya masikio, paka midomo, na vaa miwani. Watu wengi wa kwetu huyaona mafuta haya kuwa ya Wazungu, kisha wanarudi nyumbani wakiwa na midomo iliyopasuka na pua inayobanduka.

Mwendo ndio moyo wa ushauri wangu. Kutoka Shira njia inaelekea mashariki, kilele cha Kibo kikiwa mbele yako, na mwinuko wa njia ni mpole kiasi cha kukudanganya. Vichaka vinapungua, mawe yanaongezeka, mpaka unabaki na mchanga, majabali na nyasi za hapa na pale. Miguu inasema iko tayari kukimbia. Ikatalie. Kipimo ni kimoja: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukiona maneno yanakutoka mawili mawili, umezidisha. Punguza hatua badala ya kusimama kila baada ya hatua kumi, kwa sababu anayekimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, anauchosha moyo kuliko anayekwenda mwendo mmoja wa polepole. Pumzika dakika chache kila baada ya saa moja hivi, kunywa, tafuna kitu, endelea. Katika kundi, anayetembea kwa shida awekwe mbele nyuma tu ya muongozaji. Akiachwa mkiani atakuwa anakimbia kuwafikia, na kila mnapopumzika yeye anafika wakati ninyi mnainuka.

Wapagazi watawapita. Waacheni wapite, na mkiwapisha simameni upande wa mlima, siyo upande wa bonde, ili asije mtu akasukumwa na mzigo. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Wewe unayesoma Kiswahili una kitu ambacho mgeni wa mbali hana: unaweza kuzungumza nao. Sema "poleni na kazi", mwamkie mzee kwa shikamoo yake, muulize kijana kama amekula asubuhi na analala hema la namna gani. Majibu yao yatakuambia mengi kuhusu kampuni uliyoilipa kuliko tangazo lolote. Wagumu, kama wanavyojiita, ndio waliobeba maji yako, hema lako na unga wako. Bakshishi yao ipangeni kabla ya kuondoka nyumbani, isiwe masalio ya mfukoni siku ya mwisho.

Kula. Hili linaonekana dogo, lakini kimo huua hamu ya chakula, na mtu asiye na hamu hujidanganya kwamba hana njaa. Asubuhi ya siku hii kunywa uji wote, kula mkate na mayai, usiridhike na chai tupu. Njiani beba vitu unavyovipenda kweli nyumbani: karanga, tende, kashata, chapati iliyokunjwa na asali. Kwa siku nzima lenga lita 3 hadi 4 za vinywaji, supu na chai zikihesabiwa, na kula vyenye chumvi ili maji hayo yasiizimue damu. Mkojo mweupe kiasi ni habari njema. Wa rangi ya chai ni onyo.

Kabla ya kufika Lava Tower njia hugawanyika. Moja inapanda kwenda kwenye mnara, nyingine inapita chini na kuelekea Barranco moja kwa moja. Wapagazi wengi hupita ya chini ili wakasimamishe mahema mapema. Hapo ndipo kila mtu anatakiwa aseme kweli kuhusu mwili wake, na hapo ndipo wengi wetu hunyamaza.

Ninaelewa kwa nini. Makundi yetu mengi ni ya ofisi moja, kanisa moja, darasa moja la zamani. Bosi yupo mbele, shemeji yuko nyuma, picha zinatumwa nyumbani. Mwanaume anaona aibu kusema kichwa kinamuuma wakati msichana wa mapokezi anaimba. Basi anameza dawa kwa siri na kuendelea. Nakusihi usifanye hivyo. Mwambie muongozaji waziwazi: "Kaka, kichwa kimeanza saa nne, na uji wa asubuhi nimeutapika." Yeye ameona hali hiyo mara nyingi na hatakucheka. Atakuuliza umekunywa maji kiasi gani, pengine atakuvisha kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na atakuambia utembee mbele yake akutazame.

Jua tofauti. Kichwa kuuma kidogo kwenye mita 4,000 na kitu ni jambo la kawaida, na kikitulia kwa maji, chakula, mapumziko na paracetamol, unaweza kuendelea polepole. Kichwa kinachozidi ingawa umemeza dawa, kutapika, kizunguzungu na unyonge usioeleweka ni ugonjwa wa mwinuko uliokwisha anza. Usipande zaidi ukiwa nao. Katika hali hiyo njia ya chini ya kwenda Barranco ni rafiki yako, na kuipita si kushindwa safari. Halafu kuna dalili mbili ambazo hazina mjadala. Ya kwanza ni mtu kuyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa. Mwambie atembee mstari mmoja, kisigino mbele ya vidole, na akishindwa ujue ubongo umeanza kuvimba. Ya pili ni kuhema hata akiwa ameketi, pamoja na kikohozi chenye mapovu. Mapafu yanajaa maji. Mtu huyo anashuka mara moja, usiku au mchana, na hashuki peke yake. Dawa ya kwanza ya magonjwa haya ni kupoteza kimo. Kusubiri kesho kumewaua watu wenye nguvu na vijana.

Wengine hutumia Diamox kujikinga. Ni dawa yenye faida, lakini iongelee na daktari wako kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, na ijaribu nyumbani ujue inavyokufanya. Vidole kuchonyota na kukojoa sana ni kawaida yake. Dawa hiyo haikupi ruhusa ya kukimbia. Konyagi na vidonge vya usingizi viache Moshi, kwa kuwa vyote hupunguza kupumua wakati mwili unahitaji kupumua zaidi.

Sasa umefika kwenye mnara wenyewe: jabali jeusi la lava iliyoganda, limesimama peke yake, huku theluji ya Kibo ikiwa juu yako karibu kabisa kama mawingu yameruhusu. Kunguru wakubwa wenye shingo nyeupe wanatembea kati ya watu, na wataiba chapati yako ukigeuka. Wengi hupiga picha na kuondoka. Kaeni. Kuleni chakula cha mchana hapo, mkae dakika arobaini hadi saa moja kama hali ya hewa na afya za watu zinaruhusu, kwa kuwa mwili unajifunza wakati huo uliotulia juu. Vaa koti mara tu unapoketi, usingoje kutetemeka. Waislamu wengi hutumia mapumziko hayo kuunganisha adhuhuri na alasiri. Usijaribu kulipanda jabali. Mawe yake yanateleza, na hakuna unachokiongeza.

Kutoka hapo njia nyingine inapanda kwenda Arrow Glacier na Western Breach. Usiingie upande huo kwa udadisi. Mwaka 2006 mawe yaliporomoka huko na kuua wapandaji watatu.

Mteremko wa kwenda Barranco hudharauliwa, na magoti ndiyo hulipa. Kabla hujaanza, kaza kamba za buti kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, refusha fimbo zako, na shuka kwa hatua fupi huku magoti yamepinda kidogo. Mwanzo ni mkali na wa mawe, mara nyingi yenye unyevu. Karibu na kijito, punguza mwendo zaidi. Baada ya muda utahisi kichwa kinafunguka, na wale waliokuwa kimya tangu saa sita wanaanza kuzungumza. Mita 300 za kushuka zinatosha kuleta nafuu hiyo.

Kisha bonde linakupokea kwa mimea usiyoipata katika mlima mwingine wowote: Dendrosenecio kilimanjari, miti minene yenye vichwa vya majani mapana, na lobelia zilizosimama kati yao. Majani yaliyokufa hayadondoki. Yanabaki yamelizunguka shina kama blanketi, yakiukinga moyo wa mti na baridi ya usiku. Ukiyabandua kwa ajili ya picha, unaliacha shina uchi. Mimea hii inakua taratibu mno. Na moto usiuwashe, wala kipande cha sigara usikitupe: Oktoba 2020, na tena Oktoba 2022, moto uliteketeza maeneo makubwa ya uoto wa mlima huu.

Ukifika Barranco, saa tisa au saa kumi, usijitupe hemani ukalala. Mtu akilala, pumzi hupungua, na kichwa kilichotulia kinaanza upya. Badili nguo zenye jasho, kunywa chai ya tangawizi na bisi, zungukazunguka kambini, utazame ukuta wa mwamba utakaoupanda kesho. Kula chakula cha jioni hata kama ni supu na wali kidogo. Usiku unaweza kuamka ghafla ukihisi pumzi ilikuwa imekatika. Kupumua kwa mawimbi hivyo ni kawaida kwenye kimo hiki na hakudhuru, mradi ukiketi unahema vizuri. Kabla ya kulala, muongozaji akipita kuuliza hali, mpe jibu kamili: umekula nini, umekojoa mara ngapi, kichwa kikoje. Jibu la "niko poa" halimsaidii kukupangia kesho.

Haya yote yanawezekana ikiwa ratiba uliyoilipia imeyapa nafasi. Njia ya Machame huuzwa kwa siku sita na kwa siku saba, na tofauti ni usiku mmoja kwenye kambi ya Karanga, kati ya Barranco na Barafu. Chukua saba. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni nafuu sana kuliko za wageni wengine, kwa hiyo siku hiyo ya ziada haitakufilisi. Omba likizo mapema. Na kabla hujatoa hata shilingi, muulize wakala mambo matatu: je, kundi linapita Lava Tower au linapita njia ya chini, mtakaa pale muda gani, na nani atashuka na mgonjwa ikibidi. Ratiba isiyo na majibu hayo usiilipie.